Uzi: Risiva ya mwaka 1977 inaimba upande mmoja, naomba tuifuatilie chaneli ya kushoto hatua kwa hatua

Mwanzisha uzi, Tanga

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninaleta mbele yenu tatizo la risiva ya stereo (redio na amplifaya katika boksi moja) iliyotengenezwa Japani mwaka 1977, yenye wati 45 kwa kila chaneli kwenye spika za omu 8, ambayo marehemu mjomba wangu alirudi nayo kutoka Muscat zama alipokuwa akifanya kazi melini. Chapa yake siitaji, kwa kuwa ugonjwa huu huzipata risiva za kampuni zote za miaka ile, na sipendi mjadala ugeuke kuwa wa kushindanisha majina.

Tatizo ni hili. Ninapoiwasha jioni na kusikiliza kwa sauti ya chini, spika ya kushoto hukaa kimya kabisa huku ya kulia ikiimba vizuri. Nikipandisha sauti hadi karibu na nusu, kushoto hushtuka ghafla na kuanza kuimba, huendelea vizuri kwa dakika kumi au ishirini, na nikishusha tena hupotea. Juu ya hilo, upande huohuo wa kushoto hutoa mlio kama wa bisi zinazopasuka kwenye sufuria, nao husikika hata kitufe cha sauti kikiwa kimeshushwa hadi sifuri. Fundi mmoja wa hapa mjini aliifungua, akaitazama kwa dakika chache, akasema transista kubwa za upande ule zimechoka, na kwamba zibadilishwe zote pamoja na kapasita zote za bodi. Nilisita kwa sababu hakupima kitu chochote. Ninayo mita, ninayo chuma cha kulehemia, na mikono yangu haitetemeki; ninachokosa ni utaratibu wa kufuata.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, ulifanya vyema kusita. Risiva ya stereo ina neema ambayo redio ya spika moja haina, nayo ni kwamba ndani yake mna amplifaya mbili pacha, zenye vipuri vilevile kwa mpangilio uleule. Chochote utakachopima kushoto unaweza kukipima kulia mahali palepale, na pale namba zitakapoachana ndipo pa kutafuta. Wengi hulalamika kwamba hawana mchoro wa saketi, wakati mchoro huo umo ndani ya boksi, ukiwa hai na ukifanya kazi katika ile chaneli nzima.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, fanya majaribio ya kubadilishana. Zima risiva, hamisha waya za spika ili ya kushoto iwe kulia na ya kulia iwe kushoto, kisha washa. Ukimya ukihamia spika nyingine, risiva ndiyo yenye kosa. Ukibaki kwenye spika ileile, ni spika au waya wake. Rudisha zilivyokuwa, kisha hamisha waya za kuingizia muziki kutoka kwenye deki au simu kwa namna hiyohiyo, na baada ya hapo jaribu kituo cha redio cha FM pamoja na AUX (tundu la kuingizia muziki wa nje), ili ujue kama kosa lipo katika njia zote au moja tu. Bonyeza kitufe cha mono usikie kama kushoto kunapata uhai. Mwisho, unganisha sehemu ya kutolea muziki wa kurekodia kaseti na amplifaya nyingine yoyote, kwa sababu mawimbi ya pale huchukuliwa kabla ya kitufe cha sauti. Pande zote mbili zikiwa sawa pale, nusu nzima ya mwanzo ya risiva yako imesafishwa na tuhuma.

Tazama pia nyuma kama kuna vibanio vidogo vya chuma vyenye umbo la U, vinavyounganisha matundu ya kutoka amplifaya ya mwanzo na matundu ya kuingia amplifaya ya nguvu. Risiva nyingi za miaka ya 1970 zinavyo. Kama vipo, zima, vichomoe, na tumia waya mbili za RCA (zile za plagi za duara za muziki) kuvuka: kushoto ya mwanzo iingie kulia ya nguvu, na kulia iingie kushoto. Jaribio hilo moja huigawa mashine katikati.

Kitu kimoja nakiuliza mapema. Ule mlio wa bisi, unasema haupungui unaposhusha sauti?

Mwanzisha uzi, Tanga

Haupungui hata kidogo, uwe kwenye sifuri au kwenye nusu.

Nimefanya majaribio yote uliyoyataja jana baada ya Isha, na majibu ni haya. Nilipobadilishana spika, ukimya ulihamia spika nyingine, kwa hiyo spika zangu ni salama. Nilipobadilishana waya za kuingizia, kosa lilibaki kwenye tundu la kushoto la spika. FM, AUX na sahani ya santuri zote zina kosa lilelile. Mono haikubadilisha kitu: kushoto kuliendelea kuwa kimya kwa sauti ya chini, ingawa wakati huo kulikuwa kunapokea mchanganyiko wa pande zote mbili. Sehemu ya kurekodia kaseti iko sawa pande zote. Vibanio vya umbo la U vipo, vimepata kutu nyepesi. Nilivichomoa, nikavisugua kwa kitambaa, nikavuka kwa waya kama ulivyoelekeza, na kosa lilibaki kushoto. Kisha nikachomeka kwenye tundu la kushoto la kuingilia amplifaya ya nguvu plagi ya RCA ambayo nimeunganisha kiini chake na ganda lake, ili pasiingie mawimbi yoyote kabisa. Bisi zikaendelea kupasuka.

Mchangiaji, Mombasa

Basi umekwishaacha nje zaidi ya nusu ya mashine bila kuifungua. Kitufe cha sauti, balansi, besi na trebo, swichi zote za mbele na sehemu ya redio hazihusiki. Kosa liko kati ya tundu la kuingilia amplifaya ya nguvu na waya wa spika. Ninashuku pia kwamba una makosa mawili yaliyokaa pamoja, kwa sababu ukimya unaoondoka ukipandisha sauti na bisi zisizojali kitufe cha sauti ni tabia mbili zisizofanana. Yatenganishe, na usitafute dawa moja ya yote mawili.

Fundi mstaafu, Morogoro

Vijana, nimeusoma uzi wenu kwa furaha, maana ndivyo tulivyofundishwa kazi hii. Sasa kabla mwenzetu wa Tanga hajafungua kifuniko, naomba anisikilize kuhusu usalama, kwa kuwa ndani ya boksi hilo mna umeme wa ukutani na mna kapasita kubwa zinazobaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwanza tazama kichaguzi cha volti nyuma ya mashine. Risiva zilizouzwa Ghuba mara nyingi zina nafasi za 110, 120, 220 na 240. Kama ya mjomba wako imewekwa 220 na nyumbani kwako mita inasoma 240, transfoma inatoa zaidi ya ilivyokusudiwa na vipuri vyote vinaishi kwa joto lisilo lao. Iweke 240.

Pili, kapasita za chujio usizimalize chaji kwa bisibisi. Cheche yake huharibu kapasita na inaweza kukurushia chuma usoni. Chukua resista ya kiloomu 1 yenye wati 5, ilehemu kwenye waya mbili zenye vibanio, na uifunge kwenye miguu ya kapasita wakati plagi iko nje. Kwa kapasita ya maikrofaradi 10,000, chaji hupungua kwa takriban theluthi mbili kila sekunde 10, kwa hiyo subiri dakika moja, kisha thibitisha kwa mita. Ziko mbili, moja ya volti chanya na moja ya hasi. Usiisahau ya pili.

Tatu, tengeneza taa ya kinga. Ni holda ya balbu iliyowekwa katika mfululizo na waya wa umeme unaoingia kwenye risiva, na balbu yenyewe iwe ya nyuzi, ya zamani, ya wati 60 au 100. Balbu ya LED haifai. Ukiwasha, balbu itang'aa kwa muda mfupi wakati kapasita zinajaa, kisha itafifia. Ikibaki imeng'aa, mahali fulani pana shoti, nawe utazima bila kitu kuungua. Kila mara utakapobadilisha kipuri, anza na taa hiyo.

Nne, sikiliza rilei, ile swichi ya sumaku-umeme inayoziunganisha spika na amplifaya. Risiva ya aina yako haina kapasita kati ya transista za nguvu na spika, na ndiyo maana imewekewa rilei ya ulinzi, ambayo hubofya sekunde tatu hadi tano baada ya kuwasha. Kama haibofyi, maana yake saketi ya ulinzi imeona mkondo mnyoofu (DC) ambao ungeunguza koili ya spika. Nimewaona watu wakiiruka rilei kwa waya ili "redio iimbe". Imba inaimba, halafu spika inatoa moshi. Usiiruke rilei kamwe.

Mwanzisha uzi, Tanga

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Kichaguzi kilikuwa kwenye 220 na umeme wangu leo asubuhi ulisoma volti 236. Nimekiweka 240. Rilei inabofya baada ya sekunde nne hivi.

Fundi mstaafu, Morogoro

Marahaba. Sasa pima mkondo mnyoofu kwenye upande wa rilei unaotoka kwenye amplifaya, kabla ya kugusana kwake, spika zikiwa zimechomolewa. Kushoto na kulia, na usubiri dakika tano kila upande ukitazama kama namba inatembea. Chini ya milivolti 50 hakuna wasiwasi. Halafu ingiza mlio wa hezi 200 kutoka kwenye simu, weka mzigo wa resista za saruji za omu 8.2 badala ya spika, na upime mkondo geu (AC) kabla na baada ya rilei. Nimesema hezi 200 kwa sababu mita nyingi za kawaida husoma kwa usahihi hadi hezi 400 hivi tu. Na uangalie mita yako: zile za bei ya chini kabisa zina kipimo cha mkondo geu kinachoanzia volti 200, nazo haziwezi kukuonyesha sehemu ndogo ya volti. Unahitaji yenye kipimo cha volti 2.

Mwanzisha uzi, Tanga

Nimeazima mita ya jirani anayefundisha chuo cha ufundi. Majibu nimeyaandika kwenye daftari na ninayanakili hapa yalivyo.

Mkondo mnyoofu: kulia milivolti 8, imetulia. Kushoto inatembea kati ya milivolti 15 na 90, haitulii, na kila bisi inapopasuka namba inaruka.

Mlio wa hezi 200, kitufe cha sauti chini: kabla ya rilei pande zote mbili zilisoma volti 0.30. Baada ya rilei, kulia 0.30, kushoto 0.04. Nilipopandisha hadi kabla ya rilei kukawa na volti 3 hivi, kushoto kuliruka ghafla na kuwa sawa na kulia.

Nilipoona namba hizo nilibaki nimezitazama kwa muda. Transista kubwa nilizoambiwa zibadilishwe zote zilikuwa zinatoa mawimbi sawasawa na za upande wa pili. Mawimbi yalikuwa yanafia kwenye vipande viwili vya chuma vinavyogusana.

Fundi mstaafu, Morogoro

Kosa la kwanza umelipata. Viguso vya rilei hupakwa fedha, na fedha ikikaa miaka mingi kwenye hewa hupata utando mweusi. Hapo Tanga, kwa hewa ya chumvi na unyevu, ni ajabu kwamba imedumu hivyo. Utando huo huzuia volti ndogo. Volti ikipanda huutoboa, na ndiyo maana muziki hurudi kwa mshtuko, kisha hupotea tena utando unapojifunga. Watu wengi hudhani kupandisha sauti kumetibu, kumbe kumetoboa tu.

Usitumie msasa. Msasa hukwangua fedha na kuacha shaba iliyo chini yake, nayo huoza haraka zaidi. Fungua kifuniko cha plastiki cha rilei kwa uangalifu, kata kipande chembamba cha karatasi nyeupe ngumu, kilowanishe kwa alkoholi ya isopropili, kiweke kati ya viguso, vibane kwa kidole na ukivute. Rudia hadi karatasi itoke safi. Ukiweza kupata rilei mpya ya volti zilezile za koili, kwa kawaida 24, yenye viguso viwili na miguu iliyopangwa vilevile, ibadilishe, kwa sababu usafi wa karatasi hudumu miezi, pengine mwaka mmoja au miwili, si zaidi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Naomba niulize jambo linalokaribiana. Nilinunua Kariakoo risiva iliyotumika kutoka Japani, nikaichomeka ukutani, fyuzi ikakatika papo hapo. Niliweka fyuzi nyingine na transfoma ya kushusha hadi 110, sasa inaimba kulia tu, na FM inaishia 90. Je, chaneli ya kushoto imeungua?

Fundi mstaafu, Morogoro

Mashine yako ilitengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, ambako umeme ni volti 100 na mkanda wa FM ulikuwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Kuiweka kwenye volti 230 ni kuipa zaidi ya mara mbili ya haki yake, na ni bahati kwamba fyuzi iliwahi. Transfoma yako ya sasa nayo haijatosha: ikiwa imeandikwa 220 kwa 110 na umeme wa mtaa ukapanda hadi 240, inatoa 120, yaani asilimia 20 juu. Tafuta yenye tundu la volti 100. Mpaka uipate usiiwashe, na ukiipata anza na taa ya kinga, kisha pima mkondo mnyoofu wa kushoto kabla hujaunganisha spika. Tafadhali ifungulie uzi wake, tukusaidie kikamilifu bila kumchanganya mwenzetu.

Mwanzisha uzi, Tanga

Rilei nimeisafisha. Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi kama imepitishwa kwenye masizi, ya sita ikatoka nyeupe. Sasa kwa volti 0.30 kabla, ninapata 0.30 baada, pande zote mbili, na kushoto kunaimba hata kwa sauti ya kunong'ona. Bisi, kama alivyotabiri ndugu wa Mombasa, bado zipo.

Kuna rafiki yangu ananishauri sasa nibadilishe kapasita zote za bodi ya amplifaya kwa mara moja, kwani zina karibu miaka hamsini. Mnasemaje?

Mchangiaji, Nairobi

Mimi niko upande wa rafiki yako kwa sehemu. Kapasita za elektrolaiti hukauka, na za kuunganisha hatua na hatua ni rahisi kuzipata. Hata hivyo nisingezibadilisha leo. Ukibadilisha vipuri ishirini kwa siku moja na bisi zikakoma, hutajua ni kipi kilichozikomesha. Na zisipokoma, utakuwa umeongeza miungo arobaini mipya ya risasi ambayo nayo itabidi uitilie shaka. Namba yako inayoruka kati ya 15 na 90 inaelekeza kwenye hatua ya mwanzo ya amplifaya ya nguvu. Nenda huko kwanza.

Mchangiaji, Mombasa

Naungana naye, na ninaongeza maelezo kwa ajili ya wasomaji wengine. Hatua ya mwanzo ya amplifaya ya namna hii ina transista mbili ndogo zinazotazamana kama mizani. Moja hupokea muziki unaoingia, ya pili hupokea sampuli ya kile kinachotoka kwenye spika, na kazi yao ni kulinganisha. Kwa hiyo kosa dogo la milivolti chache likitokea ndani ya mojawapo, amplifaya nzima hulitii na kulikuza mara ishirini au thelathini, kana kwamba ni sehemu ya muziki. Ndiyo maana transista ndogo ya bei ya andazi huweza kuifanya mashine nzima ionekane imekufa.

Tazama miguu yake kwa kioo cha kukuzia. Baadhi ya transista za Japani za miaka ile, kwa mfano 2SA726 na 2SC458, zinajulikana kwa kuanza kelele uzeeni, na mara nyingi miguu yake iliyopakwa fedha huwa imegeuka myeusi. Weusi wenyewe haujatosha kuwa ushahidi, kwa sababu kuna zenye miguu myeusi zinazofanya kazi kwa utulivu. Ila linganisha kushoto na kulia.

Kisha, mashine ikiwa imewashwa, spika ya majaribio isiyo na thamani ikiwa imeunganishwa, na mkono wako mmoja ukiwa mfukoni, chukua kijiti cha pamba chenye tone dogo la alkoholi na ukiguse kwenye mwili wa plastiki wa transista moja baada ya nyingine. Alkoholi inapovukiza hupooza. Transista mbovu ikipozwa ghafla hubadilisha mlio wake. Tone liwe dogo kweli, chupa iwe mbali na mezani pasiwe na moto, maana ni kitu kinachoshika.

Mwanzisha uzi, Tanga

Nimefanya hivyo, na nimepata jambo ambalo lilinifanya nimwite mke wangu aje asikilize.

Jozi ya kushoto ni 2SA726, na ya kulia pia. Miguu ya zote nne imekuwa myeusi, kwa hiyo macho hayakunisaidia. Nilipogusa transista ya kwanza kwa pamba, hakuna kilichobadilika. Nilipogusa ya pili, bisi zilikoma kwa takriban sekunde tano, kisha zikarudi kwa kasi zaidi. Nilirudia mara tatu, na mara zote ikawa hivyo.

Sikutaka kununua chochote kabla ya kuwa na hakika, kwa hiyo nikafanya kwa vipuri kile nilichofanya kwa waya siku ya kwanza. Nilizima, nikamaliza chaji, nikapima hadi mita ikasoma sifuri, nikaing'oa jozi ya kushoto na jozi ya kulia, nikazibadilishana. Niliwasha kupitia taa ya kinga. Balbu iling'aa ikafifia. Kushoto kukasoma milivolti 11 na kutulia. Bisi zilikuwa zimehamia kulia.

Fundi mstaafu, Morogoro

Hapo umefanya kazi ambayo mafundi wengi wenye mitambo ya gharama hawaifanyi. Ushahidi umekamilika. Badilisha zote nne.

Mchangiaji, Nairobi

Kwa upande wa kupata vipuri, hapa kwetu Luthuli Avenue, na kwenu nadhani Kariakoo, mtakuta transista za KSA992, ambazo zina kelele ndogo, zinastahimili volti 120, na hutumiwa sana kwa kazi hii. Nunua kumi, si nne. Mita yenye tundu la kupima ukuzaji itakusaidia kuzipanga kwa jozi zinazokaribiana, kwa sababu jozi isiyolingana huacha milivolti nyingi kwenye spika.

Ninaomba uwe mwangalifu na jambo moja ambalo limewatia hasara wengi. Muuzaji asipokuwa na unayoitaka atakupa BC557 na kukuambia "ni ileile". Kwa umeme huenda ikafanana kwa kiasi, lakini mpangilio wa miguu ni tofauti. Ukiitazama uso bapa, transista nyingi ndogo za Kijapani, kama A726, C1815 na C945, zina miguu ya emita, kolekta, kisha besi, kuanzia kushoto. Za Kizungu za jamii ya BC547 na BC557 zina kolekta, besi, kisha emita. Ukiichomeka bila kuigeuza, amplifaya yenye mkondo mnyoofu itasukuma volti zote za transfoma kwenye rilei. Na kwa asiyejua: herufi na namba zilizoandikwa mwilini huacha "2S" ya mwanzo, kwa hiyo C1815 ndiyo 2SC1815.

Mwanzisha uzi, Tanga

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi. Binamu yangu alinunua KSA992 kumi Dar es Salaam na kunitumia kwa basi. Nilizipima zote: ukuzaji ulikuwa kati ya 318 na 402. Nikachagua jozi moja ya 351 na 353 kwa kushoto, na nyingine ya 366 na 368 kwa kulia. Miguu niliikagua kwa mita kabla ya kulehemu, kwa sababu maneno ya ndugu wa Nairobi yalikuwa yamenikaa kichwani.

Bodi ikiwa mkononi niliona pia miungo mitatu ya risasi kwenye miguu ya plagi ya waya iliyokuwa imepasuka kwa duara, zile nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka uinamishe bodi kwenye mwanga. Niliiyeyusha upya yote. Kapasita mbili za kuingilia nilizibadilisha, moja kila upande, kwa kuwa zilikuwa jirani na kazi yenyewe, nyingine sikuzigusa.

Baada ya kuwasha kupitia taa ya kinga, kisha moja kwa moja, mkondo mnyoofu ulisoma milivolti 9 kushoto na 7 kulia, nayo haikutembea kwa nusu saa nzima niliyokaa nikiitazama. Bisi hakuna. Niliweka sikio kwenye spika kitufe kikiwa sifuri, nikasikia ukimya.

Fundi mstaafu, Morogoro

Hongera. Hujamaliza. Ukibadilisha jozi ya mwanzo, pima mkondo wa utulivu wa transista kubwa, yaani ule unaopita bila muziki, maana unaweza kuwa umesogea. Tafuta resista nyeupe za saruji zilizo kwenye emita za transista kubwa, soma thamani yake, pima volti kati ya miguu yake mashine ikiwa imepata joto kwa dakika 15 bila muziki. Zingatia vile vitufe vidogo vya kurekebishia vya bodi: vikikaa miaka mingi huoza ndani, na kuna vinavyoachia ghafla unapovigusa, mkondo ukapanda hadi transista zikaungua. Kabla ya kukigeuza, weka alama ya nafasi yake kwa kalamu, zima, kipulizie kisafishia viguso, kigeuze mara kadhaa huku na huku, kisha kirudishe kwenye alama. Usitumie petroli kusafishia, kama nionavyo kwenye vibanda vingine.

Mwanzisha uzi, Tanga

Nimetekeleza, mzee wangu. Resista zangu ni za omu 0.47, na kitabu cha huduma cha mashine hii, nilichokipata kwa bahati, kinataka miliampea 25, yaani milivolti 12 hivi juu ya resista. Kulia kulikuwa 11, sikukugusa. Kushoto kulikuwa 19. Baada ya kusafisha kitufe na kurekebisha polepole, kumekaa 12. Bamba la kupoozea la kushoto, ambalo siku zote lilikuwa na joto kuliko la kulia, sasa yanalingana mkononi.

Jaribio la mwisho nililofanya ni la mzigo. Niliweka resista za omu 8.2 pande zote mbili, nikaingiza mlio wa hezi 200, nikapandisha hadi volti 8, ambazo ni karibu wati 8, kwa dakika moja tu kwa sababu resista zangu ni za wati 10. Kushoto 8.0, kulia 7.9.

Mchangiaji, Mombasa

Na rilei?

Mwanzisha uzi, Tanga

Mpya ya volti 24 imeagizwa. Mpaka ifike ninatumia ile ya zamani, na kila Ijumaa ninapima kabla na baada kwa sauti ya chini. Wiki ya kwanza 0.30 na 0.30. Wiki ya pili 0.30 na 0.30. Wiki ya tatu, ambayo ilikuwa ya mvua, kushoto 0.30 na 0.28. Vipimo vyote, pamoja na vya jozi za transista na miliampea, nimeviandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko, mbali na transfoma, ili fundi atakayeifungua baada yangu aanzie hapo. Rilei mpya ikifungwa nitarudi hapa na namba zake.